Nusu Mwezi

Nimevuta kamba mara arobaini na moja.
Asumini anahesabu, kakaa juu ya mfuko wa salfa,
miguu haijafika chini.
Mikorosho imeshatoa maua,
na ubwiriunga umeanza kupaka matawi ya upande wa bondeni.

Bomba hili nililifungua mwenyewe, juu ya gazeti la mwaka juzi:
pistoni mpya, ringi mbili, gasketi ya kukata kwa mkasi.
Shemeji Nampoto alisema, Peleka Masasi kwa wenye kazi yao.
Nauli ya Masasi ndiyo hela ya ringi, shemeji.

Basi tuulizane.
Plagi, wewe? Naichomoa, naiegemeza kwenye silinda,
Asumini anavuta: cheche, buluu, kali.
Sina kosa.
Kabureta? Nimeizibua tundu kwa tundu kwa uzi wa waya wa breki;
petroli inafika, imenilowesha mpaka viwiko.
Mgandamizo? Naziba tundu kwa kidole gumba,
kidole kinasukumwa kama mlango wenye mtu ndani.
Mashahidi watatu, wote wakweli,
na maiti iko palepale.

Mahuta haikosi madaktari.
Choma plagi jikoni. Pulizia ekzosti.
Mmoja aliinusa tu, akaondoka.
Chitanda akakunja mikono ya shati, akavuta,
kamba ikamrudi, ikampokonya kishikio, ikamchubua vidole.
Walicheka mpaka wakashikana mabega.
Mimi sikucheka.
Kilichokufa hakirudishi ngumi.

Moto inao, chakula inacho, nguvu inazo.
Imepoteza saa.
Inawaka pistoni ikiwa bado njiani.

Nikafungua upande wa magneti.
Nati ikaja kwa vidole viwili,
na aibu ikanifika kabla sijaliona kosa:
jioni ile nilikuwa naikaza, nikaitwa, uji unafurika,
niliporudi nikashika boliti nyingine.

Ndani, kipande cha chuma, nusu mwezi,
kidogo kuliko ukucha wa Asumini,
kimekatika katikati.
Kazi yake kuishikiza magneti na krenki zisipishane.
Waliokiunda walikiunda laini makusudi:
kikatike chenyewe, krenki ipone.
Nilikaa nacho kiganjani kuliko ilivyohitajika.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Mmoja alinizaa.

Dukani kulikuwa na cha pikipiki tu, kinene.
Nimekichonga kwa tupa, saa mbili, saa tatu, saa nne,
Asumini kashika simu, mwanga unashuka kila akisinzia.
Kimeingia mara ya sita. Hakichezi.
Nati nimeikaza mpaka spana imelia.
Jikoni naitwa.
Asubiri.

Navuta.
Za Chitanda hakuzitia kwenye hesabu.
Arobaini na mbili, anasema Asumini, macho kafumba,
na alichosema baada ya hapo
sikukisikia.