Bipu ya Salfa

Mzinga wa tatu ndio uliotangulia kunyamaza.
Niliugonga kwa kifundo cha kidole,
hodi ya mtu mlangoni kwa mgonjwa,
nikaweka sikio ubaoni.
Nyuki wazima hujibu mvumo mmoja, kisha hutulia.
Hawa walijibu kama redio yenye betri zilizochoka.

Chini, juu ya mchanga mwekundu wa Tandahimba,
walilala kama pumba baada ya kupepeta,
ndimi nje, migongo ya manjano.
Nami, kwa ujinga wangu wa mwaka wa kwanza,
nikafurahi: chavua!

Haikuwa chavua.
Ilikuwa salfa, na ndani yake
ule ukali wa dawa ya maji ya mbu wa mikorosho.

Nikashika njia ya shamba la Dadi Chinguile,
maneno yangu nimeyanoa.
Nikamkuta anaosha bloa, macho mekundu, kitambaa puani.
"Somoe," akasema, "yangu ni mikorosho arobaini. Yako je?"

Yangu ni sitini na miwili.
Na asubuhi ile ile, umande haujakauka,
kibarua wangu alikuwa akipuliza.
Mabati haya ninayolala chini yake ni salfa.
Ada ya Zuhura, mpaka cheti, ni salfa.
Nilirudi na maneno butu.

Mkorosho humwita nyuki kwa ua,
nasi tunamvizia na wingu la unga.
Asipofika, ua hudondoka kavu,
wala hakuna ghala linalopokea maua makavu.

Tangu hapo nina daftari.
Siafu: miguu ya vichanja ndani ya makopo ya oili chafu,
na majani yafyekwe, maana unyasi mmoja tu ni daraja.
Nondo: sega kuukuu jeusi lisibaki, liyeyushwe liwe nta
kabla funza hawajalifuma utando.
Nyegere: waya, waya, waya, na bado
mzinga wa tisa aliubeba kama mtu aliyeulipia.
Utitiri: nusu kikombe cha nyuki ndani ya chupa,
sukari ya unga, tikisa taratibu,
kung'uta juu ya sahani nyeupe, hesabu vidoa vyekundu.
Nyuki hutoka weupe kama maandazi ya harusi,
wamekasirika, hai.
Nilihesabu viwili. Nikaandika viwili.
Mtoto wa kaka akauliza,
"Shangazi, unamwandikia nani?"

Hayo yote nayaweza peke yangu.
Salfa siiwezi peke yangu.

Kwa hiyo Dadi hunibipu.
Saa nne usiku, mlio mmoja, anakata.
Haina gharama, haina salamu.
Maana yake: alfajiri napuliza.
Nami huamka, tochi kinywani,
nalowesha magunia kwa maji ya ndoo niliyoinunua,
maana huku juu uwandani maji hayamwagwi, huhesabiwa.
Nayatundika milangoni, naacha upenyo wa hewa,
nawasikia ndani wakinguruma:
nani ameurefusha usiku?
Vumbi likitua, nafungua.
Dawa ya maji, tumekubaliana, ni jioni,
nyuki wakisharudi.
Kwa anayekumbuka.

Walioingia katika bipu ni saba.
Mmoja alisema nyuki walimuuma mama yake
na hana haja na afya yao.
Upande wa pili wa barabara sina namba ya mtu,
na nyuki hawajui barabara.

Mzinga wa tatu bado mtupu.
Nimeupaka nta mpya, nimeuacha wazi,
kila jioni napita karibu nao
kama mtu ambaye hakuwa na nia ya kupita.

Jana usiku simu ikalia, mlio mmoja, ikakatwa.
Namba siijui.
Sikupiga kuuliza.
Nikapapasa chini ya mto, nikaitafuta tochi.