Muhuri Namba Kumi na Saba

Matundu matano, na ulimi mdogo wa shaba
kati ya tundu la pili na la tatu.
Hivyo nilikieleza kwa kila aliyenisikiliza:
kiunganishi jike, cha mwisho wa kebo,
kipana kama pete yangu ya ndoa,
hesi zake si za milimita, si za inchi,
ni za kiwanda chetu cha kando ya Neris
kilichofunga milango kikaondoka na vipimo vyake.

Oskiloskopu niliiokota jalalani, Šeškinė,
theluji imeikalia kama mgeni asiyejua kuaga.
Kilo kumi na nane. Nikaikokota kwa sleji ya mjukuu.
Kapasita mbili zilikuwa zimevimba mashavu,
panya wameguguna waya wa umeme hadi kwenye shaba.
Hayo ni maradhi; maradhi nayajua.
Wiki tatu nililehemu usiku, moshi ukinukia utomvu wa msonobari,
na Kęstas chumbani akikohoa kwa makusudi.

Siku ilipowaka, vali zilichoma vumbi la miaka arubaini,
harufu ile ile ya zamu ya asubuhi,
na mstari ukachomoza, kijani, mwembamba,
ukatulia katikati ya kioo.
Ikaona. Ila haikuwa na mkono wa kugusia.

Basi nikatafuta.
Sokoni Gariūnai nilichakura makopo hadi kucha zikageuka kijani.
Arvīds wa Daugavpils aliniletea vitatu kwa posta, kavifunga ndani ya soksi.
Panevėžys, mjane mmoja alikuwa nacho: kishikio cha droo ya vijiko.
Nilimpa kishikio kipya na chupa ya asali.
Vyote viliingia nusu, vikagoma.
Vyote ulimi wao ulikuwa kati ya la kwanza na la tano.

Mzee Rapolas, huko Kaunas, alivigeuza chini ya taa
akacheka hadi meno ya bandia yakalegea.
"Mama Danguolė, hivi vimepita mikononi mwangu
miaka kumi na tisa. Ulimi wa pili-na-tatu?
Hatukuutengeneza. Hata siku moja."

Nikarudi kwa treni, begi mapajani, nimenuna.
Usiku nikaingiza kioo cha daktari wa meno nyuma ya paneli.
Pengo la kwanza-na-tano lilikuwepo,
limezibwa kwa lehemu, likasuguliwa.
Pengo jingine lilichongwa kwa tupa, kwa haraka,
limekwenda upande kama mwandiko wa mlevi.
Na ndani ya bati, wino wa zambarau haujafifia:
IMEPITA. 17.

Kumi na saba nilikuwa mimi.

Desemba, siku ya mwisho ya mpango wa mwaka.
Imebaki mashine moja, soketi imekaa upande,
waya zote tano zimekwisha kulehemiwa,
basi linapiga honi getini.
Nikachukua tupa. Nikachonga huku, nikaziba kule,
ulimi wa kebo nikauhamisha, vikaoana,
nikapiga muhuri, nikalikimbilia basi na viatu vya kazini.

Kumbe kilichonila kilikuwa nguoni mwangu,
na nguo yenyewe niliishona mimi.

Ningeweza kuinyoosha ile soketi.
Nilikwisha kushika chuma cha lehemu, kimepata moto.
Nikakirudisha kwenye kikalio chake.
Nikakitwaa kishikio cha mjane,
nikakata ulimi, nikaupandikiza kati ya pili na tatu,
safari hii polepole, nikipumua kwa pua.
Mkono ulitetemeka. Tupa haikukosea.
Kikaingia ndi!

Wimbi la mraba likapanda, likashuka,
mabega yake yamelegea kidogo;
nikakaza skrubu robo mzunguko, yakanyooka.

Muhuri sina. Walitukusanyia siku ya kufunga.
Chini ya wino ule nimeandika kwa penseli,
herufi kubwa, kwa atakayefungua baada yangu:
Ulimi ni pili-na-tatu. Usitafute, hakuna kwingine.
Chonga.
Danguolė.