Stakabadhi

Usipoziba ufa, watu husema.
Mimi nilikuwa nishauziba, mara tatu,
kwa saruji iliyovushwa kutoka Mokowe,
na ufa ukahamia upande wa pili wa ukuta
kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba.

Nyumba ya bibi, Mkomani.
Chumba cha ndani kina zidaka kumi na saba,
na kimoja kilianza kumwaga mchanga usiku,
kidogo kidogo,
nikisikia kama mtu anayechagua mchele gizani.

Aliyeziba ni Bunu, mtoto wa ami.
Hakunipa hesabu, wala sikumwomba.
Nilimtia elfu arubaini mkononi,
akasema, "Tutaelewana."
Neno hilo limejenga nusu ya mji huu.
Nusu ya pili limeiangusha.

Mkandarasi alikuja Jumanne, Nuru Skanda,
buti zina chokaa, buibui limekunjwa juu ya kifundo.
Kabla sijauliza akatoa cheti chake:
"Soma namba. Piga simu, uliza. Usinionee haya."
Kisha akaugonga ukuta kwa kidole
kama daktari agongavyo kifua,
akasikiliza,
akasogea hatua moja, akagonga tena.
"Jiwe hili hupumua kwa chokaa," akasema.
"Mmeliziba pua."

Karatasi nne.
Chokaa ya wapi, boriti ngapi, siku ngapi.
Kibali cha kaunti, kibali cha mji wa kale.
Mtu akianguka, nani atamtibu.
Pesa kwa mafungu matatu,
na la mwisho, akalipigia mstari,
"hulitoi mpaka mvua moja inyeshe."
Nilimbembeleza bei kama niko kwa wauza samaki.
Akapunguza rangi. Ukuta hakuugusa.

Bunu alizipata habari kwa kinyozi.
Akaja mpaka dakani, ndani hakuingia.
"Kwani huniyui?"
Nikaangalia viatu vyake.
Nilimjua. Ndilo lililokuwa tatizo.
Wiki mbili shangazi hakuleta mkate wa mofa,
na mimi kila magharibi nikiusikiliza mlango.

Punda wakapita na mawe,
mmoja akakwama kichochoroni na mtungi wa jirani.
Chokaa ikarowekwa shimoni, ikaachwa itulie.
Nuru akaniambia, akijifuta uso,
"Mji huu una watu wanne wajuao lipu hii.
Mmoja mkono umemlegea. Wawili wako Mombasa."
"Wa nne?"
"Binamu yako."

Basi nikakumbuka, na sikupenda kukumbuka:
ni mimi niliyemwambia Bunu,
"Fanya upesi, kabla ya Ramadhani."
Chokaa haijui upesi.
Saruji inajua.

Akaja, akavishwa kofia ya manjano,
watoto wa chuoni wakamwita ndizi.
Akaishika kalamu muda mrefu juu ya karatasi
kama anayepima pembe,
akaandika jina lake lote, Bunu bin Athmani Shekuwe,
akaliangalia.
Kisha akaulainisha ukuta siku kumi na moja
bila kunisemesha.

Mvua ya Mei ilishuka saa nane za usiku.
Nikaamka, nikaweka kiganja pale penye ufa,
nikakaa hivyo hadi adhana.
Mkono ulikuwa mkavu.
Asubuhi nikapeleka fungu la mwisho.

Zidaka hazikuwamo mkatabani.
Bunu alizirekebisha baadaye, jioni jioni,
nami nikamlipa mwenyewe, elfu sita.
Akatoa kitabu cha stakabadhi, kipya,
kaboni bado inanuka.
Penye "Nimepokea kutoka kwa"
aliandika Da Zena,
akafuta, akaandika Mteja.

Nimeiweka kwenye kidaka cha kumi na saba.
Alifuta kwa mstari mmoja tu, mwembamba.
Jina bado linasomeka.