Namba ya Maumivu

Chumba changu kiko orofa ya tatu, Kariobangi,
juu ya fundi anayechomelea milango ya chuma.
Kitanda cha kukandia hakimo. Mafuta hayamo.
Ipo meza, ipo simu, ipo mikono miwili
iliyosomea kazi ya kushika
na sasa haishiki mtu.

Jumanne, saa nne unusu, Bi Syokau yuko hewani
kutoka ng'ambo ya Mwingi, nyuma ya kinu cha posho,
kwa kuwa ni hapo tu mtandao hukubali kutua.
Mjukuu wake, Mwendwa, ameiegemeza simu kwenye debe:
naona kwanza kuku, kisha leso, kisha mgongo.

"Moja hadi kumi," nauliza, "maumivu ni ngapi?"
Yeye hana habari na namba.
"Jana yalikuwa mbwa aliyefungwa. Leo kafunguliwa."
Naandika saba.
Wiki nyingine yalikuwa mwiba wa mgunga
uliokatikia ndani. Niliandika nane,
nikaona haya, kama muuza duka
aliyempunja mteja kwenye mizani.

"Lala chali. Kunja magoti. Inua kiuno, taratibu."
Fundi wa chini anagonga nyundo.
"Hicho nini?"
"Ni mlango, mama."
"Mimi nilidhani ni goti langu."
Anacheka, na kicheko chenyewe kinamchoma,
anakishika ubavuni kama mtoto mtundu.

Moja, mbili, tatu,
picha ikaganda.
Kiuno chake kikabaki hewani kama daraja
lililoanzwa mwaka wa kura likasahauliwa.
Nami nikahesabu tu, mpumbavu mwenye cheti ukutani,
nne, tano, sita, naihesabia picha.
Mtandao uliporudi alikuwa amefika ishirini na tatu,
kwa Kikamba, jasho limejaa kwenye nyusi.
"Hukuniambia nishuke."

Niliwahi kumkataza jerikeni ya lita ishirini.
Ni rahisi kukataza ukiwa na mfereji ukutani,
hata huu wangu unaokohoa siku tatu kwa wiki.
Alinyamaza. Akatafuta ya lita kumi.
Sasa huenda mtoni mara mbili:
mzigo nusu, njia maradufu.
Nilipekua vitabu vyangu vyote vya chuo,
hesabu hiyo sikuikuta.

Kwa hiyo nimemfundisha Mwendwa.
"Gumba kando ya uti, si juu ya mfupa.
Hapo. Bonyeza. Ngoja mpaka nyama ikubali."
Gumba langu sasa lina miaka kumi na miwili,
lina wino wa shule na ukucha uliotafunwa,
na hubonyeza vizuri kuliko nilivyobonyeza mimi
mwaka wangu wa kwanza wodini.
Mimi huku, pasipo kujua, nabonyeza meza.

Leo Nairobi imenyesha tangu alfajiri.
Fundi amefunika mashine kwa turubai, kimya.
Simu ikaunganika, na kabla ya kuku, kabla ya leso,
sauti yake: "Hicho nini tena?"
"Mvua, mama. Kwenye mabati ya jirani."
"Hebu."

Nikafungua dirisha.
Nikaitoa simu nje kwa mkono mmoja,
mkono wa pili nikaukinga juu yake kama kawa.
Maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.
Yeye kule, ameketi kwenye vumbi la kinu,
shingo wima, mabega yameshuka yenyewe,
pingili moja juu ya nyingine, bila ya kuambiwa,
kama nilivyomwomba miezi mitano.

"Bi Syokau, leo ni ngapi?"
"Subiri," akasema. "Nasikiliza."

Kisanduku cha namba nikakiacha wazi.
Bando likaisha.
Nikabaki dirishani, mkono nje, unalowa.