Nafsi ya Tatu

Daktari wa macho alimtia Dervla matone,
mboni zikapanuka, nyeusi tii.
"Usiendeshe leo," akaambiwa,
akanitupia ufunguo pale maegeshoni Sligo,
mvua inanyesha, naye kavaa miwani ya jua.

Gari lake nililijua kwa kulipanda tu.
Klachi ilishika juu kuliko ya langu,
redio imekwama kwenye stesheni ya bei za ng'ombe.
Nina bima, nikamwambia. Bima kubwa.
Nilisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kuisoma.

Kona ya Gilrane, ukishavuka daraja,
kuna barafu isiyoonekana, nyeusi juu ya lami nyeusi.
Sikukanyaga breki. Au nilikanyaga.
Mawe ya ukuta wa Malachy yakatuangukia taratibu,
moja moja, kama watu wanaoingia msibani,
na kondoo watatu wakatokea penye pengo
wakasimama kututazama.
Dervla, asiyeona kitu, akauliza, "Tumefika?"

Karatasi ilikuwa kwenye droo ya mishumaa na betri kuukuu.
Fungu la kumi na moja, herufi kama mayai ya chawa:
*mwenye bima aweza kuendesha gari lisilo lake,
kwa idhini ya mwenyewe,
dhidi ya madai ya mtu wa tatu tu.*
Sikujua "tu" inaweza kuwa nzito hivyo.

Kijana wa bima alikuwa mpole kwenye simu.
Ukuta tutaulipa, mama.
Kondoo, kama wangeumia, tungewalipa.
Shingo ya rafiki yako ingevunjika, tungeilipa pia.
Gari lake, hapana.
Na bima yake yeye?
Jina lako halimo.

Shuleni Sista Assumpta alitukaririsha:
mimi nafsi ya kwanza, wewe ya pili, yeye ya tatu.
Bima ina sarufi yake, humjua yeye peke yake.
Ili Dervla alipwe
ilibidi kwanza aache kuwa *wewe*,
aumie, awe mtu nisiyemjua.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wamesema.
Hawakusema kuhusu boneti iliyokunjamana uani kwa mwenzako,
maji ya mvua yakituama ndani yake,
na yeye akikutengenezea chai bila kuigusia.

Malachy kapata ukuta mzuri kuliko wa babake.
Hunipungia mkono nikipita.
Mimi kila Ijumaa natia euro hamsini kwenye bahasha,
naiacha chini ya birika la Dervla.
Haitaji. Sitaji. Ni mwezi wa nne sasa.

Jumanne ana miadi tena, jicho la pili.
Nitakupeleka, nimemwambia.
Kwa gari la nani?
Langu.
Akanyamaza, akapuliza chai yake,
akasema, "Basi nitakaa nyuma."