Niliombwa Nikae Jikoni

Walikuja watatu, Jumanne, na taa mbili za kusimama,
wakavua viatu mlangoni; heshima hiyo siwanyimi.
Nikawakatia keki ya plamu. Wakala.
Kisha yule wa maswali, Annekatrin,
akanishika bega kwa upole wa muuguzi:
"Mama, tukuombe ukae jikoni kidogo.
Mke anatuvurugia hadithi."

Basi nikakaa jikoni kwangu,
miaka ishirini na sita ya ndoa,
nasikiliza mume wangu akigeuzwa kapera.

Wakafunga mapazia saa nane mchana, jua la Mei linawaka.
Wakamwomba avue shati la kazi,
lenye nembo ya gari la wagonjwa,
avae fulana. "Ile ya kulalia, kama ipo."
Ashike roboti la bati. Alitazame.
Alitazame tena, safari hii kwa huzuni.
Wendelin hajui kuigiza huzuni.
Alilitazama kama atazamavyo tairi, kama lina upepo.

Mama yako yu hai? wakauliza.
Utotoni ulinyimwa nini?
Hawakuuliza kwa nini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi
ukumbi wa shule hapa Chemnitz hujaa watu wazima
wanaolumbana juu ya rangi: nyekundu hii ni ya kiwandani,
au kuna mtu aliipaka mwaka sabini na nne?
Yumo Dietlinde, hakimu mstaafu,
ana wanasesere mia tatu na ulimi wa wembe.
Yumo Quang, fundi wa meno,
huyachonga meno ya vigurudumu vya saa na vya roboti
kwa udongo uleule wa meno ya watu.
Mume wa Dietlinde alipofariki, hao ndio waliobeba jeneza,
na hakuna aliyekuja na mwanasesere.
Naongopa. Quang alikuja naye, kamficha mfukoni.

Ikarushwa Alhamisi usiku. Dakika nne.
Kinanda kikadondosha sauti mojamoja kama bomba bovu.
"Wanaume waliokataa kukua," msimulizi akasema.
Wanaume! Dietlinde alinipigia simu, akacheka mpaka akakohoa.
Mimi sikucheka.
Nilimwona yule aliyewatoa watoto wawili
katika gari lililopinduka barabara ya Zwickau,
akarudi nyumbani, akanawa mikono dakika kumi,
akakaa kukaza spiringi ya kijigari
hadi vidole vikaacha kutetemeka,
nikamwona gizani, na fulana iliyochakaa:
mtu mzima hovyo.

Jirani wa chini alinionea huruma kwenye ngazi.
Ana skafu kumi na saba za timu yake ukutani,
na timu ikishuka daraja hali chakula siku mbili.
"Pole, mama," akaniambia.
"Na wewe pole," nikamjibu, "nasikia mlifungwa nne."

Kazini walimwekea Wendelin dubu wa manyoya kwenye usukani.
Alimpa mtoto wa kwanza aliyelia.

Siku ya tisa kikaja kifurushi kutoka Görlitz,
kidogo kuliko kiberiti, mwandiko unayumba:
"Rafu ya tatu, gari la zimamoto,
gurudumu la nyuma, kushoto, halipo.
Nadhani ninalo. Limekaa na vifungo vyangu tangu marehemu kaka yangu,
sikuwahi kujua ni la nini, na kulitupa nilishindwa."

Dakika nne zile, kumbe kuna mtu alitazama rafu.

Lilimkaa sawasawa. Wendelin akakaza ufunguo,
akaliachia mezani. Likaenda, likilialia,
likagonga sahani ya keki, likapinduka,
magurudumu manne juu, yanazunguka.

Akaliinua upesi, kwa mikono miwili.