Kaa wa Mwanakheri

Nilishuka Jumatatu,
njaa ya watu watatu,
nimechakaza viatu,
nikaanzia Shelani.

Kwa Bi Tima wa mbaazi,
karibu na ile ngazi,
hana uchoyo na nazi,
nikala hadi shingoni.

Mchana sima ya unga
wa mahindi, na mtsunga;
uchungu ukanifunga
taya, kisha ulimini.

Usiku piza ya pweza;
nilidhani nitabeza,
nikaramba hata meza,
jibini hadi ndevuni.

Nikila, nikitafuta
harufu ya zile kuta
zenye masizi, mafuta,
za kwa shangazi jikoni.

Mwanakheri, siku zake
za kaa, hufunga kwake,
akiimba peke yake;
akafa, siri moyoni.

Siku ya nne, hoteli
yenye taa kama meli,
bei yake bei kweli,
jina la Roma langoni.

Kijana kanisalimu,
Kitaliano kitamu;
kumbe mzawa wa humu,
kwao Ganda, minazini.

Akaleta tambi, kaa
wa gamba linalong'aa.
Nikala, nikaduwaa,
uma wangu mdomoni.

Ukwaju, hatua moja;
tui nyuma, likingoja;
pilipili yenye hoja
ikazukia kooni.

“Mpishi nani?” “Wa Roma,”
kajibu kama asoma.
Nikapita, sikukoma,
hadi walipo mekoni.

Mwanamke, jina Nyevu,
akivunja kaa mpevu,
kimya, jicho la werevu,
jiwe dogo kiganjani.

Akasema: “Hiyo pua
ya Mwanakheri, najua.
Rudi, usije ungua,
mafuta yamo chunguni.

“Niliosha sufuria
kwake. Komeo kitia,
hakunitoa, sikia:
mimi nilikuwa ndani.”

Mimi damu, yeye chungu!
Nikasema: Hivi, Mungu?
Ukarejea uchungu
wa Jumatatu, kinywani.

“Nyanya hizi ni za kopo,
ladha yake ni mkopo;
angenitusi: Ee popo!
na upawa wa kichwani.”

Akasukuma mlango
kwa goti, bila mpango.
“Vunja,” kasema, “mchango
wako huo. Kaa chini.”